Pilau, Korosho na Kambi ya Mwezi wa Sita: Maswali Mnayotuuliza Wazazi wa Mtwara

Mvua zikishakatika na kusi likaanza kuvuma, simu zetu sisi wanakamati, tunaouza chakula ili kulipia kambi ya vijana ya mwezi wa sita, hazitulii. Mzazi wa Chuno anataka kujua ada. Mama wa Magomeni anauliza kama vitumbua vyake vitakubaliwa. Babu mmoja wa Mikindani, kila mwaka bila kukosa, anauliza fedha zinakaa kwa nani, na tunamshukuru kwa kuuliza. Tumeyakusanya maswali hayo hapa pamoja na majibu yetu. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko tulikokosea huko nyuma. Mengine yalihitaji mistari miwili tu.

Kambi yenyewe ikoje?

Ni kambi ya vijana wa miaka 11 hadi 17, siku sita, katika likizo ya mwezi wa sita. Tunaiweka Mikindani, kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini. Wavulana wana bweni lao na walezi wa kiume, wasichana wana lao na walezi wa kike, na kila kitanda kina neti.

Asubuhi ya kwanza ni kuogelea. Inauma kuona mtoto amezaliwa hatua chache kutoka baharini, samaki anakula kila siku, halafu anafika miaka kumi na tano hajui kujiokoa majini, hasa wasichana. Ghuba ya Mikindani imezungukwa vizuri na nchi kavu. Hata kusi likichafua bahari huko nje, ndani maji yametulia, na ndiyo maana tukaichagua. Siku zinazofuata kuna huduma ya kwanza, kuchonga mpingo kwa mkono wa fundi wa Kimakonde, kupanda mikoko, na kuutembea mji wenyewe. Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895 bado limesimama, na ni Mikindani hii hii ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Tunawaeleza pia habari za watumwa waliopitishwa hapo. Watoto wetu wanapita mbele ya kuta hizo kila wiki kwenye daladala bila mtu wa kuwasimulia.

Kwa nini mnauza chakula? Si mngepitisha kadi za michango tukamaliza?

Kila nyumba ina kadi za michango zimelala mezani: harusi, sendofu, kipaimara, na mwezi haujafika nusu. Mtu akikuahidi elfu hamsini unamfuata mara nne, mwisho mnaanza kukwepana njiani, ujirani unaingia doa. Sahani ya pilau haina deni. Mtu ametoa elfu nne yake, ameshiba, na mkimaliza mnasalimiana vilevile.

Kupandisha ada nako hatukutaki. Kila elfu kumi tunayoongeza tunajua inawaondoa watoto gani, kwa majina.

Lakini sababu kubwa ni kwamba chakula kinampa kila mtu cha kutoa. Mvuvi analeta samaki. Mwenye minazi analeta nazi. Kijana wa bodaboda anasambaza oda bila nauli. Bibi asiye na shilingi mkononi anakaa kivulini anachambua mchele, na mchele ukichambuliwa na yeye hutakuta jiwe. Siku watoto wanapoondoka, hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama akasema hawa nimewapeleka mimi.

Kambi ni ya mwezi wa sita. Mbona mnaanza kupika mwezi wa kumi?

Kwa sababu ya korosho. Sisi kusini kalenda yetu ya fedha haifanani na ya watu wa mishahara. Korosho zinaokotwa, zinapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, na minada kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa kumi. Malipo yanaingia benki, na kuanzia hapo hadi kwenye Desemba mitaa inachangamka: bati zinanunuliwa, pikipiki zinanunuliwa, madeni ya dukani yanalipwa. Huo ndio wakati wa kuuza sahani ya pilau.

Mwezi wa sita mfuko wa mkulima umekauka, na ndicho kipindi anachohangaikia salfa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Ukimpelekea sahani wakati huo utamwonea. Mwaka wetu wa kwanza tulianza kuuza mwezi wa nne, tukashangaa watu hawanunui, tukadhani hawaipendi kambi. Waliipenda. Hawakuwa na fedha.

Kwa hiyo robo tatu ya fedha tunaitafuta kati ya mwezi wa kumi na Januari. Inayobaki tunaipata Ramadhani na katika oda ndogondogo.

Hesabu zenu zikoje? Mnapata kiasi gani kwa siku moja ya pilau?

Tunatoa mfano, bei mtazibadilisha kulingana na soko la siku hiyo.

Tuchukue watoto 40. Mtoto mmoja, ukijumlisha kula, kulala, walezi, usafiri, vifaa na dawa, anagharimu Sh 80,000. Mzazi tunamwomba Sh 30,000. Pengo ni Sh 50,000 kwa kila mtoto, yaani Sh 2,000,000 kwa wote. Hilo ndilo pengo ambalo jiko linatakiwa kulijaza.

Sasa siku moja ya pilau, sahani 200. Kilo moja ya mchele inatoa sahani saba za kushiba, kwa hiyo weka kilo 30, kwa 3,000 ni Sh 90,000. Nyama kilo 15 kwa 12,000 ni Sh 180,000. Mafuta lita nne Sh 24,000. Viungo, vitunguu, viazi na kachumbari Sh 50,000. Mkaa Sh 20,000. Vyombo vya kufungia Sh 40,000. Usafiri Sh 16,000. Jumla ni Sh 420,000, kabla ya malipo ya wapishi wakuu. Ukiuza sahani zote kwa 4,000 unapata Sh 800,000, na faida ni Sh 380,000.

Ona basi: siku tano za pilau zinaleta Sh 1,900,000, na bado laki moja haijatimia. Kupika mara tano kwa miezi minne ni kazi nzito kwa akina mama walewale. Ndiyo maana michango ya vitu ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Mchele ukitolewa na wazazi, kila mmoja kilo moja au mbili, faida ya siku inapanda hadi Sh 470,000 bila kumpandishia mlaji hata senti.

Sahani zikibaki inakuwaje?

Hapo ndipo vikundi vingi vinapoumia. Rudi kwenye mfano wa juu: ukibakiwa na sahani 40 tu, umepoteza Sh 160,000, na faida imeshuka kutoka Sh 380,000 hadi Sh 220,000. Faida yote inakaa kwenye sahani za mwisho. Zile za kwanza zinarudisha mtaji.

Dawa yake ni kuponi. Tunaziuza wiki mbili kabla, misikitini, makanisani, maofisini, vijiwe vya bodaboda, na Alhamisi jioni tunazihesabu. Zikiwa zimeuzwa 150, tunapika 160. Hatupiki kwa matumaini. Mwenye kuponi asipokuja mpaka saa nane mchana tunampigia simu, na asipopatikana tunaipeleka sahani yake kwake.

Mtoto ambaye mzazi wake hakupika wala hakuuza, naye anapunguziwa ada?

Ndiyo, sawasawa na wengine. Swali hili linaulizwa kwa hasira na watu waliokesha jikoni, kwa hiyo tunalijibu kwa kirefu.

Mwaka wa kwanza tulifanya kinyume. Kila mtoto alikuwa na daftari lake. Akiuza pakiti za korosho, faida ilikatwa kwenye ada yake mwenyewe. Tuliona hiyo ndiyo haki: anayehangaika anapata. Mtoto mmoja ambaye baba yake ana duka alimaliza pakiti 60 kwa siku mbili, kwa sababu baba alizipanga kaunta. Msichana mmoja anayelelewa na bibi yake aliuza saba. Ya nane aliinunua bibi mwenyewe. Siku ya kuondoka yule msichana alikuja mapema, akatusaidia kupakia mabegi ya wenzake kwenye gari, akatuaga, akarudi nyumbani kwa miguu.

Hatukurudia utaratibu ule. Tangu hapo faida yote inaingia kapu moja na ada inashuka kwa wote kwa kiasi kilekile. Mzazi aliyeko shamba Nanyamba, mzazi anayeuguza, mzazi anayeingia lindo usiku, hawawezi kuwa jikoni Jumamosi asubuhi, na mtoto hana kosa. Wewe uliyepika, mama, ulimpikia wako na wa mwenzako. Tunalijua hilo na tunalithamini sana.

Na asiyeweza hata hiyo elfu thelathini?

Anza mapema. Elfu nne kila mwezi kuanzia mwezi wa kumi, ukifika mwezi wa tano unamalizia elfu mbili tu. Hata hiyo ikikushinda, zungumza na mlezi mmoja unayemwamini. Jina la mtoto wako halitatajwa kikaoni. Wanaojua ni watu wawili, mlezi na mweka hazina. Fulana ni ileile, kitanda ni kilekile, sahani ni ileile. Hatuna orodha ya watoto wa msaada na hatutakuwa nayo.

Mnauza vyakula gani?

Pilau ndiyo nguzo, lakini si peke yake. Hapa kusini tuna vyakula ambavyo mtu wa mbali anavililia na sisi tunavipita barabarani kama mawe.

Korosho za kukaanga ndizo zinazolipa zaidi kwa kazi ndogo. Tunanunua zilizobanguliwa kwa vikundi vya akina mama wanaobangua, tunazikaanga kwa moto mdogo, chumvi kidogo, tunazipima na kuzifungasha. Zinakaa muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo kisichouzwa leo kinauzwa wiki ijayo. Pilau haina ruhusa hiyo.

Ming'oko, ile mizizi ya porini, inauzwa kuliko tulivyotegemea. Tunainunua kwa wanaoichimba porini, tunaichemsha, tunaweka chumvi na pilipili pembeni, na wafanyakazi waliohamia Mtwara kutoka mikoa mingine wanakuja kuionja kwa udadisi halafu wanarudi na ndoo.

Pweza wa kuchemsha na wa nazi anapendwa sana, ila tunamnunua kwa masharti. Vijiji kadhaa vya pwani hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na kanuni za uvuvi zinakataza pweza wa chini ya nusu kilo. Kambi inayowafundisha watoto kutunza bahari haiwezi kulipiwa na pweza wadogo. Mvuvi akileta wadogo tunamrudishia kwa heshima.

Mihogo ya kukaanga na kachumbari, vitumbua, kaimati, samaki wa kupaka, wali wa nazi na kisamvu, vyote vinakubaliwa. Mihogo iwe mitamu tu. Ile michungu ina sumu inayohitaji kuloweka na kukausha ipasavyo, na jiko la watu mia mbili si mahali pa kubahatisha.

Juisi ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, tunaiuza mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Mabibo yanaozea chini ya mikorosho kwa wingi wa kutisha, ilhali wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamekuwa wakifundisha watu kutengeneza juisi na jamu. Ukakasi unapungua ukiyachemsha kidogo au kuyapitisha kwenye mvuke kabla ya kukamua. Juisi hiyo inywewe siku hiyohiyo. Ikilala inaanza kuchacha, na uraka, yaani pombe ya mabibo, kwenye meza ya watoto hatuuruhusu hata kidogo.

Mkulima anaweza kuchangia korosho ghafi?

Hapana, ndugu, pamoja na nia yako njema. Korosho ghafi zinauzwa kupitia ghala na mnada. Kikundi kikikusanya ghafi mitaani na kuziuza chenyewe, mbele ya sheria hakina tofauti na mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho nje ya mfumo rasmi, na hatutaki kambi ya watoto ianze kwa kesi. Peleka korosho zako AMCOS kama kawaida, malipo yakiingia ununue kuponi. Ukiwa na zilizobanguliwa za matumizi ya nyumbani, kilo moja au mbili, hizo tunazipokea kwa furaha.

Watoto wanafanya kazi gani?

Wanafungasha, wanaandika majina kwenye oda, wanapanga viti, wanahesabu kuponi wakiwa na mtu mzima. Wakubwa wanajifunza kuandika daftari la mapato na matumizi, na wengine wamekuwa wazuri kuliko sisi.

Hawabangui korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza na kuchubua ngozi, na mikono ya watu wazima waliobangua miaka mingi inaonesha. Hawatembezi sinia kichwani stendi wala sokoni. Hawauzi usiku wala siku ya shule. Mtoto wa miaka kumi na mbili akipewa sinia na kuambiwa asirudi mpaka liishe, hapo hatumwandai kwa kambi, tunamtumikisha.

Hamwaharibii biashara mama lishe?

Tuliulizwa hili na mama lishe mwenyewe, pale karibu na soko kuu, na alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye kazi yake ya kila siku ni ile sahani tunayoiuza mara tano kwa mwaka. Tulikaa naye na wenzake wawili tukakubaliana hivi: hatuuzi chakula cha mchana siku za kazi, hatuwekei meza mbele ya vibanda vyao, bei yetu haishuki chini ya yao, na wapishi wakuu wa siku ya pilau wanatoka kwao na wanalipwa. Kupikia watu mia mbili si sawa na kupikia familia kubwa. Wao wanajua maji ya kilo thelathini za mchele bila kupima. Tangu waingie jikoni hatujawahi kutoa pilau lililoshikamana.

Kuna vibali vinavyohitajika?

Nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu kusajili kikundi, na kwa afisa afya wa kata kuhusu chakula. Wapishi wote wapime afya na wawe na vyeti vyao. Mkitaka kupeleka korosho zenu madukani zikiwa na lebo, hapo mnaingia mambo ya TBS, na SIDO ndio wa kuwaelekeza wajasiriamali wadogo. Sisi tunauza kwa oda na mezani petu tu.

Vifungashio visiwe mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na bado tunaona watu wakija na rambo mfukoni. Njoo na kikapu au hotipoti yako.

Mnahakikishaje chakula hakimdhuru mtu?

Mwaka wetu wa pili tulipika usiku ili asubuhi tuwe huru. Pilau ikaiva saa kumi alfajiri, ikafunikwa, joto la Mtwara likafanya kazi yake. Kufika mchana ikawa na harufu. Tuliimwaga yote, tukawarudishia watu fedha zao, na mama mmoja alilia. Hakuna aliyeugua, na kwa hilo tunamshukuru Mungu mpaka leo.

Sasa pilau linainjikwa saa mbili asubuhi, sufuria ya kwanza inaiva kabla ya saa tano, na tunapika kwa awamu badala ya kumaliza vyote kwa mpigo. Chakula kilichopoa hakikai zaidi ya muda wa saa mbili. Kama hakijauzwa kinaliwa na wapishi au kinatupwa. Nyama mbichi ina ubao wake na kisu chake, kachumbari ina vyake. Maji ya kunawa na sabuni yako mlangoni, si nyuma ya nyumba. Mwenye kuharisha au kidonda mkononi hapiki siku hiyo, hata awe mpishi bora kuliko wote.

Nyama ni halali?

Ndiyo. Mnyama anachinjwa na Mwislamu, na nguruwe haingii kwenye masufuria yetu wala kwenye vyombo tunavyoazima. Wenzetu Wakristo walikubali tangu kikao cha kwanza bila neno. Watu wote wale sahani moja.

Ramadhani mnafanyaje?

Tunasimamisha pilau ya mchana na kuuza futari kwa oda: tambi, kaimati, mihogo ya nazi, magimbi, uji wa pilipili manga. Inachukuliwa kuanzia saa kumi na moja jioni. Akina mama waliofunga hatuwakalishi jikoni tangu asubuhi. Wakristo wanashika zamu za mchana. Kwa kuwa Ramadhani inawahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, tunaangalia kalenda kabla ya kupanga chochote.

Mtoto wetu anaingia jandoni likizo hiyohiyo. Tufanye nini?

Mpelekeni. Jando na unyago ni mambo ya ukoo na wazee wameshapanga. Hatushindani nao. Kijana huyo nafasi yake tunamwekea mwaka unaofuata na alicholipa kinabaki kwake. Tunaomba tu mtuambie mapema, mwezi wa nne usipite, ili kitanda kisilale bure. Kuna mzee wa Mtwara Vijijini aliyetushauri tuweke kambi wiki ya kwanza ya likizo ili vijana wengine wawahi yote mawili, na ushauri wake umewasaidia wengi.

Fedha zinakaa wapi?

Benki, kwenye akaunti ya kikundi yenye waweka saini watatu, na hakuna wawili kati yao wanaotoka ukoo mmoja. Malipo ya simu yanaingia kwenye lipa namba ya kikundi. Usimtumie mwanakamati kwenye namba yake binafsi, hata akikuambia ya kikundi ina matatizo. Fedha taslimu zinahesabiwa palepale mezani na watu wawili, zinaandikwa, na Jumatatu asubuhi zinakwenda benki. Kila baada ya siku ya mapishi tunabandika karatasi ukutani mahali tulipopikia: tulinunua nini, tuliuza ngapi, tumebaki na nini. Sahani ikitolewa bure, iwe kwa mgeni rasmi au kwa mjumbe, inaandikwa kuwa imetolewa bure na nani aliitoa.

Kikibaki kitu baada ya kambi?

Kinakuwa mtaji wa sufuria ya kwanza ya mwezi wa kumi. Hakigawanywi.

Niko Dar es Salaam lakini kwetu ni Newala. Nasaidiaje?

Nunua korosho na uwauzie wenzako kazini. Oda za kilo tano na kuendelea tunazipakia kwenye basi la jioni, wewe unazipokea stendi. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo funga oda moja kubwa pamoja na ndugu zako ili nauli ya mzigo isile faida. Wakati wa masika uwe na subira: mwaka 2024 mwezi wa tano, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Kilwa na mizigo ikakwama siku kadhaa.

Wengine mmetuuliza kama mnaweza kumlipia mtoto mmoja mnayemchagua. Tunaomba mlipe kwenye kapu. Mtoto asijue kwamba ana mfadhili wake Dar na mwenzake hana.

Sisi tuko Lindi, tunataka kuanza yetu. Tufuate ratiba yenu?

Msiifuate kwa upofu. Angalieni fedha yenu inaingia lini. Nachingwea, Ruangwa na Liwale mna korosho kama sisi, lakini mna na ufuta, unaouzwa kuanzia kwenye mwezi wa sita hivi. Mnaweza kupika mwezi wa saba na wa nane mkalenga kambi ya Desemba. Desemba mvua zinaanza, basi tafuteni jengo lenye paa zima, mahema yatawaaibisha. Na mkiwa Kilwa, msitafute mbali pa kuwapeleka watoto. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Watalii wanavuka bahari kuuona, na mtoto wa Kilwa Masoko anayeuona ng'ambo kila siku hajawahi kupelekwa.

Anzeni na watoto kumi na tano. Siku ya kwanza pikeni sahani hamsini, si mia mbili.

Nilirudishiwa sufuria ya mtu mwingine badala ya yangu kubwa. Yangu itarudi?

Itarudi, mama, na utusamehe. Sufuria za shughuli zinafanana na siku ile watu walikuwa wengi. Sasa kila chombo kinachoazimwa kinapakwa alama ya rangi chini ya kitako, jina la mwenyewe linaandikwa daftarini pamoja na mfuniko wake, na kijana mmoja amepewa kazi hiyo tu. Vyombo vinasuguliwa kwa mchanga na majivu jioni ileile na kurudishwa Jumapili kabla ya saa sita mchana. Yako yenye mshikio uliochomelewa tumeiona Shangani kwa mjumbe. Ataileta yeye mwenyewe, na miiko yako miwili.